Mapigo Niliyompunguzia Mwalimu

Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, nilipokuwa nafundisha shule ya msingi pale Kibiti. Majina nimebadili. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyaandika siku ile, hata yale yanayoniaibisha.

*

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya kipupwe, upepo wa kusi tangu alfajiri, mawingu hayanyeshi wala hayaondoki.

Leo nimekimbia.

Naandika hilo mwanzo kabisa nisije nikalisahau, maana mengine ya leo ni mazito. Nimetoka eda wiki mbili zilizopita. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, jua nikiliona kupitia dirisha la jikoni. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mbuchi kukaa nami, akawa ananipikia uji na kunikataza kulia jioni, eti jioni ni ya dua. Siku ya kutoka watu walijaa, tukasoma, tukala wali, na kesho yake akarudi kwao kwenye mavuno ya mpunga. Tangu hapo nyumba imekuwa kubwa. Ni vyumba viwili vya shule, saruji na bati, lakini imekuwa kubwa.

Bado sijajua kupika chai ya mtu mmoja. Kila siku inabaki, na kila siku naimwaga kwenye mche wa mpapai.

Basi asubuhi, baada ya sala, nilivaa raba zangu za mtumba na suruali ya michezo chini ya gauni, nikajitanda mtandio, nikashika njia ya Mtunda. Nilidhani miguu itakataa. Miguu haikukataa. Kilichokataa ni pumzi. Nilifika kwenye mnazi uliokatika kichwa, ule tuliokuwa tunageuzia, nikagusa gogo lake kama tulivyozoea, nikarudi. Watu wa njiani walinisalimia kwa sauti ndogo, sauti ya kumsalimia mgonjwa. Nilipofika uani nilisimama, nikatafuta wa kumpa mkono wangu.

Hapakuwa na mtu.

Lazima nieleze jambo la mkono, hata kama daftari hili halisomwi na mwingine. Mume wangu, Mwalimu Athumani, alikuwa mwalimu wa michezo wa shule hiihii ambako mimi nafundisha darasa la tatu. Yeye aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mwalimu, hata chumbani. Kila Jumamosi tulikimbia pamoja, na watu wa Kibiti walituona tumerukwa na akili. Walikuwa wakimuuliza, "Mwalimu, mkeo kakuibia nini?" Naye hucheka na kuendelea kunifukuza.

Chuoni alifundishwa kuhesabu mapigo. Ukimaliza tu kukimbia unaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, unahesabu kwa robo dakika. Dole gumba lenyewe hulitumii, maana lina mapigo yake na litakudanganya. Halafu unangoja dakika moja umesimama, huongei, unahesabu robo dakika nyingine. Hesabu ya kwanza hakuijali sana. Alijali ya pili, kwamba imeshuka kiasi gani. Aliwaambia wanafunzi kwamba kupanda kila moyo unapanda, hata wa mvivu. Moyo mzima utaujua kwa kushuka.

Mimi nilikuwa natoka arobaini hadi ishirini na tisa. Yeye, tulipooana, alikuwa anafika ishirini na sita. Nilimwambia ana moyo wa kobe.

Tukaufanya mchezo. Ambaye mapigo yake yameshuka zaidi ndiye mshindi, na aliyeshindwa anachota maji ya siku nzima kwenye pampu. Na sheria ilikuwa moja tu, ya kwake: mtu hajihesabu mwenyewe, kwa sababu atajipendelea. Mimi namhesabu yeye, yeye ananihesabu mimi.

Leo nimejihesabu mwenyewe, vidole vyangu kwenye mkono wangu. Arobaini na moja. Baada ya dakika, thelathini na sita. Nilitishika kidogo, kisha nikakumbuka alivyokuwa akiwaambia watoto wanaporudi kutoka likizo ndefu, wanahema baada ya mzunguko mmoja: msiogope, moyo nao ulikwenda likizo. Wangu ulikaa eda pamoja nami. Nikiutoa kila siku kidogo kidogo utarudi kwenye kazi yake, labda mwezi, labda miwili. Hilo halinisumbui.

Sasa niandike linalonisumbua. Nimelikwepa kwa kurasa nyingi za daftari hili.

Mwaka jana mwishoni Mwalimu alianza kushindwa. Jumamosi ya kwanza tulicheka. Ya pili akasema amelala vibaya. Ya tatu alichukua ndoo bila neno, akaenda pampuni, na Bi Mwajuma, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Makubwa haya. Mume kajitwika ndoo, mke kajikalia." Mwalimu alirudi maji yamemmwagikia begani, akayamimina kwenye pipa, akaingia ndani. Chai hakunywa. Siku nzima alikaa anashona mpira wa shule ambao haukuwa umechanika sana.

Nilimwonea huruma. Hakuna neno lingine. Alikuwa na miaka arobaini na minne, vijana wapya wa kutoka chuoni wanamwacha mbio uwanjani, na sasa hata mkewe anamshinda mbele ya majirani.

Jumamosi iliyofuata nilimhesabu: arobaini na moja. Tukangoja dakika. Nikamhesabu tena: thelathini na saba. Akanitazama. Nikasema, "Ishirini na tisa."

Alifurahi mtu mzima yule. Mimi nikachukua ndoo, naye akanifuata hadi pampuni anaimba, akanitwisha mwenyewe.

Basi nikaendelea. Nilijua ni uongo, lakini niliuona mdogo, wa ndani ya nyumba, kama kumwambia mtu kanzu imempendeza. Miezi miwili nilimpunguzia. Na kila Jumamosi ilibidi nipunguze zaidi, kwa sababu kila Jumamosi hesabu ya kweli ilikuwa inashuka kidogo kuliko ya Jumamosi iliyopita. Ya mwisho ilikuwa arobaini na moja, halafu thelathini na tisa. Dakika nzima, na moyo wake umeshuka mapigo mawili tu. Nikamwambia thelathini.

Yeye mwenyewe alinifundisha hesabu ile ina maana gani. Nilijua, na nikachagua kutojua, kwa sababu nilipenda anavyoimba akienda pampuni.

Februari alikwenda Mbuchi kumsaidia mdogo wake, Shamte, kuvusha mizigo kwa mtumbwi. Walipiga kasia wakipingana na mkondo. Walipofika kwenye tope la upande wa pili alishuka, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, akaomba maji. Shamte alipogeuka na kata mkononi, kaka yake alikuwa amekwisha kulala. Watu walisema ahadi yake imefika. Nilisema hivyohivyo, miezi minne na siku kumi, kwa kila aliyekuja kunipa pole, nikiwa nimeinamisha kichwa wakidhani ni majonzi peke yake.

Hilo ndilo. Sikuwahi kumwambia mtu.

Na ningekaa nalo, naijua nafsi yangu. Lakini leo, kabla ya adhuhuri, Shamte amekuja.

Alikuja kwa baiskeli, kaniletea nusu gunia la mchele mpya kutoka kwa mama yake. Kilima cha kuja shuleni alikipanda bila kushuka. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa jinsi alivyokuwa akihema. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akapiga hodi, akaniamkia, kisha akasimama kashika nguzo ya baraza. Shamte ni mtu mkubwa, kifua kama pipa, ana miaka thelathini na tisa. Nilitazama miguu yake nikaona kamba za kandambili zimeacha mitaro kwenye nyama.

"Shemeji, usinicheke," akasema. "Mke wangu kaniganda, eti nahema hata nikila. Na Jumatatu naanza kazi kwa yule tajiri wa kaa."

Tangu mambo yawe ruksa matajiri wa Dar wanafuata kaa na kamba hadi ndani ya mikoko. Huyu mpya kaleta mitumbwi yake na barafu, anataka watu wa kusukuma mzigo kutwa, kwenda na kurudi, maji yawe yanajaa au yanakupwa. Kwa Mbuchi ni kazi ya kutafutwa kwa tochi. Shamte alikuwa ameipata, na uso wake wote ulikuwa umejaa habari hiyo.

Kisha akaiona saa ya Mwalimu mkononi mwangu. Naivaa mimi siku hizi, nimeikazia tundu jipya.

"Nihesabie na mie," akasema. "Kama ulivyokuwa ukimhesabia kaka."

Akaunyoosha mkono.

Bi Mwajuma alikuwa kibarazani kwake, kama kawaida. Mimi ni mjane wa wiki mbili nje ya eda, na huyu ni shemeji yangu, mtu ambaye midomo ya watu imeshaanza kumtaja kuwa ndiye atakayenirithi. Nikachukua ncha ya kanga nyembamba, nikaiweka juu ya kifundo cha mkono wake, nikaweka vidole juu ya kanga. Mapigo niliyapata mara moja. Yalikuwa yanagonga kwa fujo, hayalingani. Robo dakika: arobaini.

"Simama hivyohivyo," nikamwambia. "Dakika moja. Usiongee."

Shamte hajawahi kunyamaza dakika moja tangu nimjue.

"Ulimfaa kaka, shemeji," akasema. "Siku ile kifua kilimshika toka kule mkondoni. N'kamwambia tufunge mtumbwi kwenye mkoko, tungoje maji yageuke. Akasema, 'Hii gesi tu. Moyo wangu Mwalimu anauhesabu kila Jumamosi, unashuka kama wa kijana.' Basi tukapiga kasia."

Alikuwa ananisifu. Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mjane zawadi aliyoitunza muda mrefu.

Niliitazama saa. Zilibaki sekunde kumi na mbili, na sikumbuki nimezipitishaje.

Nikaweka vidole tena. Thelathini na nane.

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja. Ni uso wa kaka yake mtupu, hadi lile jino la mbele lililopanda juu ya mwenzake. Nami nakiri hapa, kwa kuwa nimeshaanza kukiri: neno "thelathini" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuja lenyewe. Ningelisema angecheka, angekula wali, Jumatatu angepanda mtumbwi wa tajiri, na mimi ningekuwa shemeji mwema.

"Thelathini na nane," nikasema. "Haikushuka, shemeji."

"Mbaya?"

"Mimi si daktari. Lakini si nzuri."

Akajaribu kucheka. "Labda kanga hiyo."

Kweli ningeweza kusingizia kanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa njia. Nikaiondoa. Nikaweka vidole juu ya ngozi yake mchana kweupe, na ng'ambo ya njia nikasikia ungo wa Bi Mwajuma umeacha kupepeta. Kufikia hapo zilikuwa zimepita kama dakika mbili. Thelathini na saba.

Nikamwambia namba hiyo nayo. Halafu nikamwambia ya kaka yake. Nilianza kwa kusema ilikuwa hivihivi, kisha nikaona huo nao ni ujanja, nikasema yote: ndoo, Bi Mwajuma, ishirini na tisa ya uongo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na ile thelathini ya mwisho aliyokwenda nayo Mbuchi. Nilisema nimesimama. Sikulia, na nadhani kulia kungekuwa kumwomba anihurumie.

Shamte alitazama raba zangu mlangoni, zina vumbi la njia ya Mtunda. Niliwaza atanitukana, nikaona ni haki yake. Niliwaza atakwenda kumwambia mama yake, na yule mama aliyenipikia uji miezi minne hatanitazama tena usoni. Hilo nalo ni haki.

Kisha akaiachia nguzo, akaenda kwenye kona ya baraza, akachukua ndoo.

Aliijua sheria ya nyumba hii. Kaka yake alikuwa akijisifu nayo hadi Mbuchi. Ambaye moyo wake haukushuka anachota maji. Sijui alitaka kunionyesha nini, au kama alijua mwenyewe. Labda mikono ilitafuta tu kazi.

Nilimfuata nikaishika ndoo. Akaivuta, nami nikaivuta, watu wazima wawili.

"Kaa chini," nikamwambia. "Leo nachota mimi. Na si kwa kuwa nimeshinda."

Akaachia. Nilikwenda pampuni, nikajaza, nikajitwika. Mwili bado una uvivu wa eda, na kwenye kilima kidogo cha kurudi moyo ulinipanda hadi kooni. Bi Mwajuma akauliza mgeni ana nini. Nikamjibu anaumwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mama yule bila kupamba.

Nilipomimina ndoo ya pili kwenye pipa, Shamte akasema, bila kunitazama, "Ulimwonea huruma kaka."

Nikasema ndiyo.

"Mie usinionee."

Ni hayo tu aliyosema juu ya jambo lile. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Tulikula wali kwa mchicha, kila mtu na sahani yake, tukapanga mambo ya Jumatatu. Tajiri wa kaa atapelekewa habari na mtu wa Mbuchi anayerudi leo. Kama ataishikilia nafasi au atampa mwingine, hatujui, na najua nimemtoa mtu kwenye riziki aliyoitafuta mwaka mzima. Sisi tutakwenda hospitali. Shamte atalala kwa ami yake hapa Kibiti. Alipokuwa anaondoka alishika usukani wa baiskeli, nikamtazama, akauachia. Akaenda kwa miguu, taratibu, akisimama kila baada ya nyumba mbili tatu kama anayesalimia watu.

Baiskeli iko ukutani. Toka aondoke nimetoka mara tatu kuitazama.

Jua linakaribia kuzama. Nyumba imerudi ukubwa wake. Nimepika chai, na safari hii nimepika ya vikombe viwili nikijua.

Nimekitoa kitabu cha Mwalimu, kile alichokuwa anaandikia mapigo yetu, jina langu kushoto, lake kulia. Upande wa kulia mwandiko ni wake, namba ni zangu. Ishirini na tisa. Ishirini na nane. Thelathini. Kaziandika vizuri, na pembeni ya moja kaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama anavyomsahihishia mtoto. Sikuzifuta. Nimechora mstari mmoja juu ya kila namba, na kando yake nimeandika ya kweli. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Sikuhitaji kukumbushwa. Nazikumbuka zote nane, na baridi au joto la kila asubuhi yake.

Chini yake nimeandika jina la Shamte, arobaini, thelathini na nane. Chini ya Shamte nimeandika langu, na namba zangu za leo.

Je, Mwalimu angepona kama ningesema? Sijui. Hospitali nazo si muujiza. Lakini angefunga mtumbwi kwenye mkoko akangoja maji yageuke, hilo nalijua, kwa sababu hakuwa mtu wa kubishana na hesabu.

Kesho alfajiri nitakimbia tena hadi kwenye mnazi. Nikirudi nitasimama uani dakika nzima bila kuongea, ingawa hakuna wa kuongea naye, na nitajihesabu mwenyewe bila kujipendelea.